Nywele za Siku ya Kibanda

Msichana aliyeitwa Redio hakupewa jina hilo na adui. Alipewa na marafiki, tena kwa upendo, wiki ya kwanza ya chuo, baada ya kuanza kuongea kwenye foleni ya funguo za bweni na kuendelea mpaka watu wakapata funguo, wakapanda ngazi, wakatandika vitanda, naye bado anasimulia jinsi sanduku lake lilivyofunguka katikati ya stendi na nguo zake za ndani zikaona dunia. Mdomo haukumkaa. Alikuwa anasomea ualimu wa hesabu, na waliomjua walisema wanafunzi wake watakuja kufaulu wote au kutoroka wote.

Mwenzake wa chumbani aliitwa Pazia, na jina hilo alilitoa Redio mwenyewe. Hakulitoa kwa ubaya. Ni kwamba kila baada ya siku kadhaa msichana yule alirudi kutoka darasani kabla ya wenzake, hamsalimii mtu, akavuta pazia la dirisha, akajifunga kitambaa kichwani, akakaza fundo mpaka ngozi ya paji la uso ikakunjamana, kisha akalala ameelekea ukutani. Ukimwuliza ana nini, alijibu, "Nimechoka tu." Kesho yake au keshokutwa aliamka, akafungua pazia, akaanza kuzunguka kuomba madaftari anakili alichokosa. Alikuwa mtaratibu, msafi, na mwenye aibu ya kusumbua watu. Ungeweza kumkanyaga mguu akaomba radhi yeye.

Bwenini walimsema. Walisema anaringa, kwa sababu hakwenda kwenye sherehe zenye muziki mkubwa na taa za rangi, na darasani alichagua kiti cha nyuma kabisa, mbali na ile taa ndefu iliyokuwa ikipepesa tangu mwaka wa kwanza bila fundi kuitupia jicho. Walisema ni mvivu. Mhadhiri mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba kichwa chake kina akili sana, kinazijua siku za mtihani kuliko ratiba. Darasa likaangua kicheko, naye akacheka pia, kidogo. Redio alipoyasikia hayo alimtetea korido nzima isikie, maana rafiki ni rafiki. "Mwacheni mwenzenu! Wengine wanarithi mashamba, kwao wanarithi usingizi!" Watu walivunjika mbavu. Utani huo ulikaa bwenini miaka yote, na Redio alijiona amemsaidia mwenzake.

Sasa tuwe wakweli. Redio hakuwa na roho mbaya hata chembe. Ukiwa na njaa alikupa sahani yake, ukiwa huna cha kuvaa alikufungulia kabati. Ila ukarimu wake haukuwa na tabia ya kuuliza. Uliingia tu, kama mgeni asiyebisha hodi, ukakaa.

Urafiki wao wenyewe ulianzia kwenye huo mdomo. Pazia alikuwa anasomea ukalimani. Hiyo ni kazi ya kukaa ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, hedifoni masikioni na kipaza sauti mbele yako, msemaji anasema Kifaransa kule mbele na wewe unakitoa kwa Kiswahili papo hapo, bila kumngoja amalize. Inataka mazoezi ya kila siku, na mazoezi yanataka mtu anayeongea bila kituo. Mtu huyo Pazia alikuwa amepewa bure na ofisi ya mabweni. Jioni Redio, aliyejipatia senti zake kwa kusuka nywele, alisuka wateja wake chumbani huku akipiga soga, na Pazia alikaa kitandani, magoti kifuani, akigeuza kila neno kuwa Kifaransa kwa mnong'ono. Redio akipandisha sauti, naye alipandisha. Redio akiapa, naye aliapa. Wateja waligeuza shingo kumtazama, na Redio akawagonga bega kwa kitana. "Tulia wewe, utanipindishia njia!"

Mikono alikuwa nayo, hilo hata mahasidi walikiri. Njia zake zilinyooka, misuko ililingana unene tangu juu mpaka chini, na mteja alikaa nayo hadi akaichoka yeye, sio ikamchoka. Mwisho wa kazi alichoma ncha za rasta kwa kiberiti zisifumuke, akazichovya kwenye maji ya moto, akapulizia dawa ya kung'arisha, na chumba kizima kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua na manukato makali. Kabla njiti ya kwanza haijawashwa Pazia alikuwa ameshainuka, kitabu mkononi, kwenda kukaa ngazini. Redio alidhani anawapisha wateja wapumue. "Mmeona adabu hiyo?" aliwaambia. "Huyu amelelewa."

Kichwa cha Pazia mwenyewe hakikuwahi kupita mikononi mwake. Nywele zake alizirudisha nyuma, akazibana kwa kibanio kilicholegea, basi. Ukimwuliza, alisema hapendi kusuka. Kwa msusi jibu hilo ni kama mpishi kuambiwa na mgeni wake kwamba hapendi kula, na Redio hakuliamini siku hata moja. Aliamini kwamba mwenzake anaona haya kusukwa bure.

Mwaka wa mwisho ukafika, na mwaka wa mwisho ulikuwa na siku waliyoiita siku ya kibanda. Kila mwanafunzi wa ukalimani aliingia kibandani peke yake na kufasiri hotuba asiyoijua, mbele ya wahadhiri na wageni kutoka ofisi kuu ya wakalimani. Wageni hao walimchukua mwanafunzi mmoja tu, aliyewapita wote, wakampa mafunzo ya mwaka mzima na baada ya hapo kazi. Waliobaki walipata vyeti vyao wakaenda kuhangaika kama walimwengu wengine. Pazia aliitaka nafasi ile kufa na kupona. Hakuwa mtu wa kusema anachotaka, lakini picha ya kibanda, aliyoikata kwenye kijarida cha chuo, alikuwa ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake, na Redio alimfuma mara nyingi amesimama mbele ya kabati, mkono kwenye shati analotafuta, macho kwenye picha. Na darasa lao zima, pamoja na wale waliomsema, lilikubali kwamba akiwa mzima hana mpinzani.

Akiwa mzima. Redio aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwenyewe, yakaingia huku yakatokea kule.

Yeye alikuwa na wazo lake. Mtu anaingia ndani ya vioo, wageni wakubwa wanamtazama, picha zinapigwa, halafu kichwani kibanio kilicholegea? Haiwezekani. Angemsuka. Angemsuka misuko ambayo hajawahi kumsuka mtu, myembamba, yenye njia za kupinda, na asingechukua hata senti. Aliianza vita hiyo mapema, na kila siku alirudi nayo.

"Sipendi kuvutwa," Pazia alisema.

"Nani kasema utavutwa? Utapambwa."

"Baada ya mtihani basi."

"Baada ya mtihani nikupambie nani, mende wa kabatini? Bibie, usininyime. Mimi nina nini kingine cha kukupa? Kifaransa?"

Alisema hivyo akicheka, lakini macho yalikuwa yameanza kulowa, maana Redio alilia haraka kama alivyocheka. Pazia alimtazama. Kisha akasema, "Haya," kama mtu anayekubali kubeba mzigo wa mwenzake mpaka kona ya mbele tu.

Siku moja kabla ya kibanda, Redio aliwaahirisha wateja wake wote, akafunga mlango. Pazia alikaa chini kwenye mto, katikati ya magoti ya Redio. Alipiga miayo tangu mwanzo, miayo mirefu inayotoa machozi, na mara mbili tatu aliipeleka shingo huku na huku kama imekufa ganzi. Redio aliyaona yote. Alisema, "Utalala usingizi wa kifalme leo," akaendelea kugawa njia.

"Umekaza kidogo," Pazia alisema mwenzake alipofika kwenye panja la kwanza.

"Hapo ndipo penyewe. Hebu nikueleze, nimelifikiria hili jambo." Na kweli alikuwa amelifikiria, maskini, ndiyo sababu linauma. "Wewe kichwa kikikuchosha unafanya nini? Si unakikaza kitambaa mpaka macho yanataka kutoka? Basi kichwa chako ni cha kushikwa. Kinapenda kushikwa. Mimi nakishika leo mara moja tu, barabara, na kesho utaingia kule hujahitaji kitambaa. Ningekusuka legelege ningekuwa adui yako."

Pazia akaweka mkono juu ya goti la Redio, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya.

"Kuna jambo nataka nikwambie. Kuhusu hiki kichwa changu. Nilitakiwa nikwambie tangu zamani, sema tu..."

"Subiri kwanza nimalize hii," Redio alisema, maana neno kichwa lilikuwa limemkumbusha kitu. Lilimkumbusha mteja aliyesinzia wakati wa kusukwa, akaota anakimbizwa na ng'ombe, akachomoka mbio na kitana kinaning'inia kichwani, mpaka geti la bweni, mlinzi akadhani ni wizi. Hadithi hiyo ilizaa ya mlinzi. Ya mlinzi ikazaa ya shangazi yake Redio aliyeolewa na mlinzi. Mkono wa Pazia ulibaki juu ya goti kwa muda, kisha ukaondoka. Baadaye kidogo, kwa mazoea, midomo yake ikaanza kutembea, na shangazi akaolewa upya kwa Kifaransa.

Jua lilipolegea dirishani kazi ilikuwa imebaki ncha. Redio aliwasha kiberiti. Safari hii Pazia hakuweza kwenda ngazini, kwa sababu ncha zilikuwa zake. Alifumba macho, akaziba pua kwa kiganja, akakaa.

Majirani waliitwa. Walisimama mlangoni wamebeba ndoo na vitabu, wakapiga vigelegele. Na haki ya Mungu alikuwa amependeza. Uso wote ulikuwa umefunguka, nyusi zimepanda juu, shingo imekuwa ndefu. Redio aliangua kilio hapo hapo. Pazia alijitazama kwenye kioo, akajigusa panja kwa vidole viwili, polepole.

"Asante," alisema. "Asante sana, mwenzangu."

Asubuhi hakugusa chai wala mkate. Redio alisema ni tumbo la mtihani, hata yeye linamshika. Pazia aliomba pazia lisifunguliwe. Redio alisema leo ni siku ya kufungua kila kitu, akalivuta lote, jua likaingia mpaka chini ya vitanda. Walikwenda wameshikana mikono. Mkono wa Pazia ulikuwa wa baridi.

Redio alikuwa na kipindi chake asubuhi hiyo, akakitoroka bila majuto. Aliketi ukumbini karibu na katikati, akavaa hedifoni za wasikilizaji, akajigeuza akitazama nyuma juu kule kwenye kibanda. Pazia alikuwa anakaa. Mwalimu wa ukalimani, mama mmoja mkavu asiyejua kusifu, alimpa ishara. Msemaji akaanza kule mbele. Hotuba ilikuwa kuhusu maji safi kwenye miji inayokua, mabomba, matangi, mifereji, na ilikuwa inachosha kiasi cha kumlaza askari wa zamu.

Lakini sauti ya Pazia! Ilikuja masikioni mwa Redio kamili, tulivu, kila sentensi imevaa na kufunga vifungo. Watu walisahau kwamba kuna Kifaransa. Mgeni mmoja alimwinamia mwenzake akanong'ona kitu, mwenzake akaitikia kwa kichwa na kuandika. Redio alishindwa kujizuia, akampiga kiwiko kijana aliyekaa pembeni yake. "Huyo ni wangu," alisema. "Na hizo nywele ni zangu."

Alipotazama tena aliona Pazia anainua ule upinde wa hedifoni uliolalia misuko, anausogeza nyuma, anaurudisha. Baada ya muda mfupi akafanya hivyo tena. Kisha akaanza kupeleka uso huku na huku, kama mtu anayetafuta sehemu ya ukumbi iliyopotea.

"Na serikali za miji," sauti ilisema, "zinatakiwa kukarabati yale... yale..." Msemaji kule mbele hakungoja. "Yale ya kupitisha maji. Yale marefu. Ya chini." Watu wachache walicheka, wakidhani ni mzaha. "Maji yanapita kwenye... mikono. Hapana. Samahani. Yanapita kwenye..." Redio alimwona akitazama kipaza sauti kana kwamba hajui ni cha nini. "Mabomba," Redio alisema kwa sauti, peke yake, katikati ya ukumbi. "Mabomba, mwenzangu, mabomba!" Kwenye hedifoni kulikuwa na pumzi tu. Halafu swichi ikalia, na sauti kavu ya mwalimu ikasema wasikilizaji wawe na subira.

Redio alipofika mlangoni mwa kibanda, Pazia alikuwa sakafuni, amekumbatia pipa la takataka, anatapika. Alimwinulia Redio uso.

"Nusu yako siioni," alisema kwa shida. Wageni walikuwa wamegeukia ukutani kwa heshima.

Muuguzi wa zahanati ya chuo alizima taa kabla ya kuuliza jambo lolote. Alimchoma sindano ya kutuliza kutapika, akampa vidonge, akamfunika macho kwa kitambaa cha maji baridi.

"Hiki ni kipandauso," alisema kwa sauti ya chini. "Kwanza kinakuchezea macho, wengine kinawaibia maneno, halafu ndipo kinauma. Unacho tangu lini, mwanangu?"

Pazia hakujibu kwa mdomo. Alinyoosha kiganja hewani pembeni ya kitanda, kwa kimo cha mtoto anayeanza shule.

Muuguzi akamgeukia Redio. "Wewe ni nani yake?"

"Tunakaa chumba kimoja, sista. Tangu mwaka wa kwanza."

"Na hujui?"

Redio akajitetea. "Mimi nilijua amechoka. Alikuwa anajifunga kitambaa, anakaza sana. Nikajua ndiyo dawa yake. Ndiyo maana nikakaza na..."

Muuguzi aliyatazama mapanja ya mgonjwa, ngozi ilivyovutwa mpaka vipele vidogo vimetoka kwenye mizizi ya nywele. "Kitambaa anakikaza yeye, kikimwumiza anakifungua yeye," alisema. "Hizi angezifungua vipi?"

"Kwa hiyo ni nywele, sista? Ni nywele ndizo zilizomfanya hivi?"

"Huenda nywele. Huenda njaa, mawazo, kulala vibaya, mwanga, harufu. Huenda vyote vilikutana. Mrudishe chumbani, giza na kimya. Akiweza kuguswa, mfumue."

Redio alilishika hilo neno huenda kama mtu anayeshika kamba. Alimrudisha chumbani, akavuta pazia yeye mwenyewe, akalibana pembeni kwa vibanio vya nywele ili jua lisipate upenyo. Ndipo simu ya Pazia ikatetemeka juu ya meza. Aliichukua, akatoka nayo kwenye korido. Aliyepiga alikuwa dada mkubwa wa Pazia, aliyemlea, ambaye kila likizo alituma salamu kwa "huyo rafiki yako mchangamfu".

"Shikamoo dada. Ni mimi, mwenzake."

"Marahaba, mchangamfu wetu! Niambie, ameshatoka? Imekuwaje?"

Redio alieleza. Alieleza vizuri mwanzo, mwisho kwa kukatakata, na katikati, bila kupanga, akasema kwamba kumbe nywele nazo huenda zilichangia kidogo.

"Nywele gani?"

"Zile nilizomsuka, dada. Jana. Za siku ya leo."

"Amesukwa?" dada alisema. "Huyo? Tangu mdogo hasukwi huyo. Tulikuwa tukimsuka sikukuu, na kila tukimsuka tulimwekea na ndoo kabisa, tunajua kesho hatanyanyuka. Mpaka nikasema basi, abaki na nywele zake hivyo hivyo. Anajua vizuri sana. Sasa kwa nini amekubali, na jana yake ndiyo..." Akajizuia. Alikuwa mtu wa heshima. "Haya, mama. Pole na wewe. Mwangalie tu."

Kamba ikakatika. Redio alibaki ameegemea ukuta wa korido, simu kifuani, na watu waliokuwa wakipita na mabeseni wakamwuliza vipi leo hakuna matangazo. Aliwapisha tu. Alikuwa anakumbuka ngazi. Mara zote alizomwona amekaa pale ngazini na kitabu, baridi la jioni linampiga, na yeye huku ndani anaunguza rasta za watu na kumsifu adabu. Alikumbuka utani wa urithi, na jinsi alivyoupenda. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alasiri msichana wa chumba cha jirani aligonga kwa ncha ya kidole. Alichungulia, akanong'ona kwamba wageni wameshaondoka. Wamemchukua yule kijana mrefu wa darasa lao, yule aliyekuwa akiomba madaftari ya Pazia. Redio alimpungia mkono aende. Alipogeuka aliona kwamba Pazia amekisogeza kitambaa, macho yamefunguka, na kwamba amesikia.

Hakulia. Alijivuta tu mpaka pembeni ya kitanda, akakiacha kichwa kining'inie kidogo nje ya mto. Redio alielewa. Alipiga magoti sakafuni, akaweka kitana, akaanza kufumua.

Alianza na panja. Alikata ile ncha iliyoungua, akafungua msuko mmoja kwa vidole, pole kwa pole, rasta ikatoka, nywele zikabaki zimejikunja. Kisha wa pili. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba mirija ya maji ilisikika ukutani. Hadithi zilimjia, kama kawaida yake, ya huyu na ya yule, zikafika kooni, naye akazimeza moja moja. Alifanya kazi polepole kuliko alivyosuka. Kila msuko ukilegea, uso wa Pazia nao ulilegea kidogo, nyusi zikashuka, na Redio akaona jinsi jana alivyokuwa ameuita uzuri kitu ambacho kilikuwa maumivu.

"Nisamehe," alisema mwishowe.

"Hukujua."

"Dada yako amepiga. Amenieleza kila kitu. Wewe ulijua zitakuumiza, ulijua na siku yenyewe ni hii." Sauti ilimpanda, akaishusha tena mpaka mnong'ono. "Kwa nini hukuniambia?"

Maneno yalikuwa yameanza kumrudia Pazia, lakini yalirudi yamechoka, na aliyachagua taratibu, kama anavyochagua mkalimani mzuri ili asimwongezee msemaji wala asimpunguzie.

"Uliniambia nisubiri kwanza umalize," alisema. "Nikasubiri."

Redio aliinuka, akaketi kitandani. Nusu ya kichwa ilikuwa bado, akaisogeza taratibu kwenye mapaja yake, akaendelea kufumua.